Wapangaji wa Eldoret, Jipangeni

Hakuna mtu wa Eldoret anayehitaji kufundishwa kujipanga. Mama anayeuza mboga Langas yumo katika vyama viwili, kimoja cha mzunguko na kingine cha kukopeshana. Jirani akifiwa asubuhi, kufikia jioni kuna kamati, kuna mweka hazina, na orodha ya waliotoa na wasiotoa inazunguka kwenye simu. Mwaka 2023, wazazi waliolipia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa masomo ya Finland na Canada walipoona watoto hawaendi na pesa hazirudi, hawakukaa kulalamika kila mtu kwake. Walikusanyika, wakaandamana, na suala hilo likafika Seneti na mahakamani.

Lakini mwenye nyumba akipandisha kodi, watu haohao hujifungia kila mmoja chumbani mwake na kuhesabu sarafu peke yake. Nyapara akimfukuza kibarua kwa kuuliza malipo ya saa za ziada, wenzake hutazama viatu vyao. Tumesikia visingizio vya kutosha. Haki za mpangaji na za mfanyakazi katika mji huu hazikosi sheria hata kidogo. Zinakosa watu wa kukaa kikao kimoja na kutia sahihi karatasi moja.

Tuanze na kodi. Ploti ya kawaida ya Langas, Munyaka au Huruma ina milango kumi au ishirini, bomba moja uani, choo cha pamoja na mita ya stima ambayo msimamizi peke yake ndiye anayejua hesabu zake. Tarehe tano ikipita, kufuli la pili linaning'inia mlangoni. Mpangaji anarudi kutoka kazini, godoro, sufuria na sare za watoto ziko ndani, yeye yuko nje. Anapiga simu, anaahidi, anakopa kwa simu kwa riba, analipa. Majirani wameona yote, na wameshukuru Mungu kimyakimya kwamba mwezi huu si wao.

Kufuli hilo halina baraka ya sheria yoyote. Tangu 1959 tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo inamtaka mwenye nyumba apate kwanza idhini ya baraza la kodi kabla ya kumtoa mpangaji au kukamata vyombo vyake. Ubaya wake ni kwamba inalinda nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na kipimo chake ni kodi ya Januari 1, 1981. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo huenda leo ana mjukuu. Bunge lilikuwa na nafasi ya kurekebisha mambo kupitia Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021. Haukuwa sheria. Wabunge wengi wana nyumba za kupangisha, na hatuhitaji kusema zaidi.

Hata hivyo, anayelipa zaidi ya kiwango hicho naye hatolewi kwa kufuli. Mwenye nyumba anayedai hufuata njia ya mahakama, na vyombo hukamatwa na dalali mwenye leseni, wala si na kijana wa msimamizi mwenye rungu. Amana nayo ni mali ya mpangaji mpaka ionyeshwe ni kitu gani alichoharibu. Ile ngonjera ya "tumekata ya rangi" kila mtu anapohama, hata kama kuta hazijapakwa tangu nyumba ijengwe, imevumiliwa kwa sababu anayehama huwa na mkokoteni unamsubiri nje na hana mtu wa kumsemea.

Sasa fikiria ploti hiyohiyo, milango ishirini, imeunda kamati ya watu watatu. Wote wanalipa kodi kwa M-Pesa ili kila shilingi iache alama. Picha ya kila ukuta na kila bomba inapigwa siku mpangaji anapoingia. Notisi ya kupandisha kodi ikija, barua moja inajibu, ina sahihi ishirini, inauliza ongezeko linatoka wapi wakati choo kimeziba tangu Machi. Kufuli likitundikwa kwenye mlango mmoja, watu wazima kumi na tisa wanatoka uani na kuuliza amri ya mahakama iko wapi. Mwenye nyumba anaweza kuufunga mlango mmoja. Ishirini hawezi, kwa sababu benki inayomdai mkopo haipokei makufuli.

Hatusemi watu waache kulipa kodi. Wengi wa wenye ploti hizi wenyewe ni walimu wastaafu, wakulima wadogo na wajane waliojenga kwa mkopo wa sacco, na hao pia wanafinywa. Mwenye nyumba mwenye akili atafurahi kuzungumza na kamati moja inayoeleweka kuliko kufukuzana na wadeni ishirini. Asiye na akili atalazimika kujifunza.

Jambo lenyewe limewahi kufanyika mbali na hapa, na kwa mafanikio. Mwaka 1915 wanawake wa Glasgow, Scotland, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Mary Barbour, waligoma kulipa nyongeza za kodi wakati waume zao wako vitani. Wakagonga kengele kila aliyetumwa kutoa watu alipotokea, na wafanyakazi wa viwandani wakawaunga mkono. Kabla mwaka kwisha Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia kodi kupanda. Sheria za kodi za makoloni, yetu ikiwemo, ni za ukoo huo. Hazikuandikwa kwa huruma ya mtu.

Tuje kwenye kazi. Aliyefungiwa mlango jioni ndiye aliyekuwa langoni mwa kiwanda alfajiri, na ni ajabu jinsi tunavyoyatenga mambo haya mawili kana kwamba ni watu wawili. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au ampe juu ya mshahara fedha za kutosha kupanga. Amri ya jumla ya mishahara inaiweka posho hiyo kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa kima cha chini. Muulize kibarua yeyote wa mjengo Kapsoya au wa karakana ya mbao kama amewahi kuiona.

Eldoret ilijengwa na viwanda. Reli ilifika hapa 1924, na baada ya uhuru zikaja nguo, sufu na mbao. Rivatex, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa miaka ya 1970, kiliwahi kuulisha mji huu kabla ya kuanguka na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Kazi za kudumu zilipopungua, mtindo wa kibarua ukatawala. Saa kumi na mbili asubuhi wanaume na wanawake wanajipanga langoni, nyapara anapita mbele yao akichagua kama mnunuzi wa viazi sokoni, na asiyechaguliwa anarudi nyumbani kwa miguu. Wengine wamechaguliwa hivyo kwa miaka saba katika mashine ileile.

Na mbinu ya zamani bado ipo. Miezi mitatu ikikaribia, kibarua "anapumzishwa" siku chache kisha anaitwa tena, ili ionekane ni ajira mpya. Walioandika sheria hawakuwa wajinga. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa jumla isingeweza kukamilika kwa chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Akidumu miezi miwili, anastahili masharti yote ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Mahakama ya Ajira ina kituo hapahapa Eldoret, haihitaji nauli ya Nairobi.

Kwa nini basi watu hawaendi? Kwa sababu anayekwenda peke yake anapoteza kazi siku anayoonekana kwenye ngazi za mahakama, na kesi inachukua muda mrefu kuliko akiba yake. Mfanyakazi mmoja mwenye haki ni mtu asiye na kazi. Arobaini wenye haki ni shida ambayo mwajiri atapiga simu kuitatua kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 2024 ulituonyesha tofauti waziwazi. Madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na serikali ikaketi nao mezani. Wahadhiri na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Moi walishikilia mgomo wao tangu Septemba, chuo kikafungwa Oktoba, na ilipofika Desemba kukawa na makubaliano. Unaweza kuwalaumu kwa wagonjwa na wanafunzi walioumia, na wengi mjini humu waliwalaumu. Lakini walisikilizwa. Mwaka huohuo mama anayefua nguo Elgon View, mlinzi wa usiku wa Uganda Road na kijana anayebeba magunia sokoni hawakusikilizwa na mtu, ingawa shida zao ni kubwa zaidi. Daktari ana chama. Mlinzi ana mwajiri.

Mtatuambia vyama vipo. Ndiyo, vipo, vya mashamba, vya nguo, vya ujenzi na mbao, vya walinzi, vya hoteli na kazi za nyumbani. Na ni kweli kwamba baadhi ya viongozi wake huonekana mara moja kwa mwaka, Mei 1, wakiwa na fulana mpya na hotuba ya zamani. Ada inakatwa, ofisi imefungwa. COTU, muungano wa vyama hivyo, iliunga mkono ushuru wa nyumba, ule wa asilimia 1.5 ya mshahara unaokatwa chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, na wanachama wengi walishangaa ni lini waliulizwa. Malalamiko haya ni ya haki.

Dawa yake, hata hivyo, si kukaa nje. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri lazima akitambue na kujadiliana nacho. Zaidi ya nusu, basi. Kiwanda chenye vibarua mia moja kinahitaji sahihi hamsini na moja. Na chama kilichojaa wanachama wanaohudhuria mikutano hakiwezi kuongozwa na mtu anayelala, kwa sababu kuna uchaguzi. Ofisi zinalala kwa kuwa sisi hatuendi.

Wapo wanaosema mambo haya ni siasa za kigeni, ujamaa wa watu wa Nairobi wenye vitabu. Historia ya nchi hii inawakana. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima kwa sababu ya mshahara mdogo na gharama za maisha, kodi ya nyumba ikiwa sehemu yake. Kiongozi wao, Chege Kibachia, wakoloni walimhamishia Kabarnet, ng'ambo tu ya Bonde la Kerio, wakimweka huko kwa miaka kumi ili asiwe karibu na mfanyakazi yeyote. Miaka mitatu baadaye Makhan Singh, aliyekuwa ameunganisha vyama vya Waafrika na Wahindi pamoja na Fred Kubai, alikamatwa Mei 1950 na kuzuiliwa hadi 1961. Watu hawafungwi muda wote huo kwa sababu ya vitabu.

Na kisha kuna mtu wetu wenyewe. Chelagat Mutai alichaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini mwaka 1974, akiwa msichana wa miaka ya ishirini. Hakwenda Bungeni kusinzia. Alisimama na wasio na ardhi waliokuwa wakizozana na shamba la mkonge la Ziwa, na mwaka 1976 akafungwa miaka miwili na nusu kwa madai ya kuwachochea. Mwaka 1981 alikimbilia Tanzania. Alifariki 2013, na vijana wengi wa Eldoret leo wangemtambua mwanariadha yeyote kwa sura kabla ya kumtambua yeye. Shule zetu zinadaiwa hilo.

Serikali yenyewe, kwa kumbukumbu, ilitangaza mwaka 1965 katika Waraka wa Bunge Nambari 10 kwamba Kenya itafuata ujamaa wa Kiafrika. Kisha ikafuata mengine. Basi mpangaji anayeomba risiti asiitwe mchochezi.

Sasa tuseme lile ambalo hapa mjini husemwa kwa kunong'ona. Sababu kubwa ya wapangaji na vibarua wa Eldoret kutojipanga ni ukabila. Ploti ni ya mtu wa jamii fulani, wapangaji ni wa jamii tatu, na siku kamati inapoundwa kuna mtu wa kuuliza, "Hao wanaoongoza ni akina nani?" Mwanasiasa akisikia, mgogoro wa bomba la maji unageuka kuwa mgogoro wa nani alikuja lini. Hatusemi hivi kwa mzaha. Tunaishi kilomita chache kutoka Kiambaa, ambako watu walichomwa kanisani Januari 1, 2008. Hofu ya wazee wa Langas na Munyaka ina sababu.

Lakini angalia ni nani hofu hiyo inamfaidi. Notisi ya kupanda kwa kodi haina mstari wa kabila. Ikibandikwa mlangoni mwa Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo, kiasi ni kilekile. Nyapara humwacha langoni mtu wa kwao vilevile pindi asipomhitaji. Na hoja mpya tunayoisikia, kwamba kwa kuwa Rais anatoka kaunti hii basi tusiiaibishe serikali kwa malalamiko, ni dharau kwa wapiga kura wa hapa. Mtu kuwa na ikulu hakulipi kodi ya chumba Huruma.

Njia salama ya kuvuka ukabila ni kuanza na mambo madogo ambayo hayana jinsi ya kuwa ya kabila. Choo. Risiti. Taa ya lango. Saa za ziada za Jumamosi. Kamati iwe na mtu wa kila upande tangu siku ya kwanza, pesa zishikwe na wawili wasio wa ukoo mmoja, na mwanasiasa asialikwe hata kufungua mkutano kwa sala. Chama cha akina mama katika ploti hiyohiyo tayari kina Wakalenjin na Wakikuyu wanaopeana pesa kila Jumapili bila wasiwasi. Kama wanaaminiana kwa elfu mbili taslimu, wanaweza kuaminiana kwa barua.

Neno moja kwa makomredi wetu vijana, wale walioamka barabarani Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha na ambao sasa wana makundi ya kusoma. Tunawapenda, na tumechoka nanyi kidogo. Mkutano wa saa tatu juu ya ubepari wa dunia, kwa Kiingereza, katika chumba cha hoteli, haumsaidii mfuaji nguo ambaye hajui kwamba anastahili siku moja ya mapumziko kwa wiki. Ninyi mnajua kusoma sheria. Nendeni Jumamosi mkae kwenye benchi la duka la Munyaka na daftari, mwandike nani analipa ngapi, nani alinyimwa amana, nani amefanya kibarua miaka mingapi. Msomeeni mtu mkataba wake. Mwandikieni barua. Mkifanya hivyo mwaka mzima bila kuomba kura, watu watawauliza wenyewe mnaamini nini.

Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu nayo isijifiche nyuma ya Bunge. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, kwa mbwembwe nyingi. Jiji lina wapangaji wengi kuliko wenye nyumba, na kwa sasa halina hata dawati moja ambapo mpangaji aliyefungiwa nje saa mbili usiku anaweza kupata mtu wa kumsikiliza. Kaunti inatoa leseni na kupitisha ramani za majengo, kwa hiyo inawajua wenye ploti kwa majina. Iweke maafisa wawili wa usuluhishi wa kodi katika kila kaunti ndogo. Polisi nao waambiwe wazi kwamba kufungia mtu mlango bila amri si "mambo ya kifamilia kati yenu na landlodi."

Wala msisubiri kaunti. Kundi la ploti linasajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, ileile inayosajili vyama vya mzunguko. Mnahitaji katiba fupi, viongozi na kumbukumbu za kikao. Fomu ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, Fomu S, inajazwa kwa kalamu. Mpangaji anayesoma haya agonge mlango wa jirani leo jioni. Kibarua aanze na wawili anaokula nao chakula cha mchana, na kufikia mwisho wa mwezi wahesabu sahihi walizonazo.